Mtumishi Aliyeanza Kazi kwa Kaburi

Somo: Waebrania 11:32–40

Juma hili sitahubiri kwa vichwa vitatu kama mlivyonizoea. Nataka niwasimulie maisha ya mtu mmoja, na sababu yangu ni hii. Kwenye foleni ya maombi nimekutana na jambo moja mara nyingi mno mpaka limenikosesha usingizi. Mama amezika mtoto. Baba amefutwa kazi na mwenye nyumba ameshatia kufuli mlangoni. Dada ameomba, amefunga, amekesha, na ugonjwa bado uko palepale. Halafu kuna mtu, na mara nyingi ni mpendwa mwenzake wa hapa hapa kanisani, amemwambia ati shida ni imani yake. Ati hakuamini vya kutosha. Au kuna dhambi ameificha mahali. Au ni laana ya ukoo haijavunjwa. Sasa huyu mtu anakuja mbele na mizigo miwili, msiba wake na lawama juu yake.

Basi hebu tumwangalie Johann Ludwig Krapf. Shuleni tulifundishwa kwamba ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, tukaandika kwenye daftari, tukapewa alama, basi. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba huyu mtu alizika wangapi kabla ya kuuona huo mlima.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Akiwa mvulana wa miaka 11 hivi, jirani mmoja alimpiga vibaya sana kwa kosa lililofanywa na mtoto mwingine. Alipigwa hadi akaugua karibu miezi 6. Na ni pale kitandani, akiwa ameonewa bure, ndipo alipoanza kusoma Biblia kwa bidii na kufikiria mambo ya milele. Angeweza kabisa kuinuka pale akiwa na uchungu na watu wote. Wako watu wazima ninaowajua ambao walionewa utotoni na mpaka leo hawajainuka.

Mambo ya masomo nitayapitia haraka. Aliingia chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi, akapatwa na mashaka kama ameitwa kweli, akaacha, akasomea theolojia Tübingen, kisha wito ukamrudia. Shirika la misheni la Kanisa la Anglikana huko Uingereza, lile la CMS, likamchukua ingawa yeye alikuwa Mlutheri. (Mpentekoste hangeweza kuwa, kanisa letu lilikuwa halijazaliwa. Lakini nasema wazi, kwa magoti yake angetuaibisha wengi.)

Mwaka 1837 akatumwa Ethiopia. Mwaka uliofuata tu, 1838, yeye na wenzake wakafukuzwa Tigray. Akazunguka akaingia kwa njia nyingine mpaka Shewa, kwa mfalme Sahle Selassie, akakaa karibu miaka 3, moyo wake ukiwa kwa Waoromo. Mwaka 1842 akaondoka kwenda Misri kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich. Njiani, katika nchi ya Wollo, chifu mmoja aliyempokea vizuri kwanza akamgeuka na kumpora kila kitu. Fikiria bwana harusi anayekwenda kufunga ndoa bila hata nguo za kubadilisha, akitembea kuelekea pwani kwa huruma ya wapita njia. Alifika. Walioana huko Misri mwaka huo huo.

Wakageuka pamoja kurudi Ethiopia. Mwaka 1843, wakiwa nyikani kutoka pwani ya Massawa, Mama Rosine akashikwa na uchungu kabla ya wakati. Hakukuwa na mkunga, hakukuwa na nyumba. Alizaa binti chini ya anga tupu. Mtoto alibatizwa, akapewa jina Eneba, ambalo kwa Kiamhari maana yake ni chozi, na hakuishi. Wakamzika nyikani. Na baada ya hayo yote mlango wa Ethiopia ukafungwa, wakakataliwa kuingia.

Nataka usome hapo polepole. Hawa watu hawakuwa wanatafuta dhahabu. Walikuwa wanatii. Kama kumtii Mungu ni kinga ya msiba, basi hapo ndipo kinga ingeonekana.

Krapf akaamua kwamba kama mlango wa kaskazini umefungwa, atajaribu huu wetu wa mashariki. Wakapanda chombo Aden mwezi Novemba 1843. Chombo kikavuja baharini, nusura wazame, ikabidi warudi Aden na kuanza safari upya. Januari 1844 walikuwa Unguja, ambako Sultani Seyyid Said alimpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa watu wake. Ilipofika Mei walikuwa wamehamia Mombasa.

Tarehe 8 Juni 1844 Krapf aliketi akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia hakuwa Mkristo. Alikuwa Sheikh Ali bin Mueddin wa Barawa, aliyekuwa kadhi. Mimi hili hunifurahisha kila nikilikumbuka, kwamba kurasa zetu za kwanza kabisa za Maandiko kwa Kiswahili ziliandikwa na mgeni wa Kijerumani na kadhi Mwislamu wameketi pamoja. Mungu hakosi watu wa kutumia.

Mwezi mmoja haukuisha.

Mwanzoni mwa Julai homa ilimwangusha Krapf. Ikamwangusha na Rosine, ambaye alikuwa na mimba kubwa. Tarehe 6 Julai akajifungua binti. Ile homa haikumwachia. Siku zake za mwisho aliwaombea ndugu zake wa mbali, akaiombea Afrika Mashariki, akawaita waliokuwa wakimhudumia nyumbani akawaambia kuhusu Kristo. Mumewe alikuwa amelala chumba hicho hicho, hajiwezi. Rosine alikata roho tarehe 13 Julai, na Krapf alijikokota kutoka kitandani kwa shida ili kuhakikisha kwa macho yake kwamba kweli mkewe amekufa.

Hazikupita siku tatu, mtoto naye akafuata. Baba akamlaza kando ya mama yake.

Rosine alikuwa ametaka azikwe bara, si kisiwani, upande ambao Wamijikenda walipita wakienda na kurudi Mombasa, ili kaburi liwe linawakumbusha kila siku kilichowaleta hawa wageni. Akazikwa huko. Kaburi bado lipo, upande wa Nyali, ng'ambo ya maji ukitoka kisiwani. Watu wengi wanaopita pale kwenda kazini hawajui ni la nani.

Sasa ndugu yangu, dada yangu, wewe mwenye neno la kumwambia aliyefiwa. Nipeleke wewe mwenyewe kwenye nyumba ile ya Mombasa mwezi wa Julai 1844. Mtu amelala na homa. Amezika binti mmoja nyikani, ameona mke akifa, na kichanga cha siku chache kimefunikwa shuka. Ingia umwambie hakuomba vya kutosha. Mwambie apande mbegu kubwa zaidi. Mwambie kuna dhambi amefunika. Kama mdomo wako unakuwa mzito kumwambia Krapf, ungekuwa mzito pia kumwambia Mama Nani wa jumuiya yenu ya nyumbani.

Kilichowaua tunakijua leo. Kwa kila dalili ni malaria. Wao hawakujua inatoka wapi. Ni mwaka 1897 ndipo daktari Ronald Ross, huko India, alipoonyesha kwamba mbu ndiye anayeibeba. Rosine hakuwa na neti wala kliniki ya wajawazito. Wewe unazo. Kwa hivyo mama mjamzito anayeniambia ameacha kwenda kliniki kwa sababu anamwamini Mungu, mimi nitamsindikiza kliniki mwenyewe. Sitaki kusikia neno imani likitumika hivyo.

Krapf alipopata nguvu za kushika kalamu, aliwaandikia wakubwa wake London. Wengi wetu tungeomba nauli ya kurudi nyumbani, na hakuna ambaye angetulaumu. Yeye aliwaandikia kwamba katika pwani hii ya Afrika Mashariki sasa pana kaburi la mmoja wao, na kwamba walichukulie hilo kama ishara kuwa vita vimeanza, na kwamba kazi ya Kanisa husonga mbele ikipita juu ya makaburi ya watu wake. Akawataka wajiandae kutuma wengine.

Wengine husoma hilo wakaona ni mtu mwenye moyo wa jiwe. Mimi sioni hivyo. Aliyeandika barua hiyo ni mjane mwenye miaka 34, peke yake, katika mji ambao hana ndugu hata mmoja, mwili ukiwa bado unatetemeka. Kumbuka pia kwamba alikuwa amempa binti yake wa kwanza jina la Chozi. Huyu mtu alijua kulia. Alilia na akaamka, na alipoamka alirudi kwenye ile meza ya Mwanzo. Mwaka 1847 sura 3 za kwanza zilichapishwa Marekani, katika jarida la wasomi wa lugha za mashariki. Ukiniuliza imani ya Krapf ilikuwa nini, nitakuonyesha hiyo meza.

Karibu miaka 2 alifanya kazi peke yake. Juni 1846 akaja Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake, na mwezi wa Agosti wakahamia Rabai, vilimani nyuma ya Mombasa, baada ya wazee wa Rabai kuwakubalia. Walihama wote wawili wakiwa na homa. Krapf hakuweza kutembea, akapandishwa punda. Ndivyo kituo cha misheni cha Rabai kilivyofunguliwa, na wagonjwa wawili wakipanda kilima na punda mmoja. Hakukuwa na tenti, hakukuwa na vipaza sauti, hakukuwa na mgeni wa heshima.

Na mavuno je? Hapa wapenda ushuhuda wa harakaharaka mnivumilie. Miaka ilikwenda. Watu wa Rabai walisikiliza kwa adabu, kisha wakarudi kwenye shamba na kaya zao. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kiwete, aliyekuwa karibu kufa, na kweli hakuishi siku nyingi baada ya ubatizo. Mmoja tu. Tena mtu ambaye hangeweza kumsaidia mchungaji hata kubeba kiti. Wamisionari wengine walikuja na homa ikawachukua. Wagner alikufa Rabai mwaka 1849, na Pfefferle naye, mwaka 1851, hakudumu. Ukihesabu kwa hesabu tunazopenda kutangaza siku hizi, Krapf alikuwa na makaburi mengi kuliko washirika.

Sitaki mumfanye malaika pia. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye mipango mikubwa kuliko watu aliokuwa nao. Alitaka mnyororo wa vituo vya misheni kuvuka Afrika kutoka Mombasa hadi bahari ya magharibi, wakati Rabai penyewe hapajasimama. Na mila za wenyeji wetu alizihukumu kwa ukali, mara nyingi kabla ya kuzielewa. Nayasema haya kwa sababu ukimsafisha mtu sana, mshirika wa kawaida atajiona hawezi kumfuata.

Rebmann aliuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa na kiongozi wa Wakamba. Walipoandika kwamba karibu na ikweta kuna theluji, wasomi fulani wa Ulaya waliokuwa hawajakanyaga huku wakawacheka. Hilo la kuchekwa linatosha kulitaja tu. Lililo zito lilimpata mwaka 1851.

Mwaka huo alirudi Ukambani akitaka kufungua kituo Yatta. Wapagazi walimjengea kibanda kibovu wakamwacha. Akaenda mpaka kwa Kivoi, na mwezi wa Agosti wakasafiri pamoja kuelekea mto Tana. Karibu na mto majambazi wakawavamia. Kivoi akauawa pale, watu wakatawanyika, na Krapf akajikuta peke yake porini, hana chakula, hajui njia. Alifika mtoni akanywa. Lakini angebebaje maji? Alijaza mfuko wa ngozi wa darubini yake, akajaza na mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi. Akatembea usiku, akajificha mchana. Mfuko ukavuja. Miiba ikazing'oa zile nyasi na maji ya mitutuni yakamwagika. Njaa ilipombana akajaribu kutafuna majani na baruti.

Kisha akasikia nyani wakipiga kelele. Unaweza kudhani atakimbia. Yeye alifurahi, kwa sababu mtu aliyekaa huku alijua nyani wakiwa bondeni basi maji yako karibu. Akawafuata, akafika kwenye mto wa mchanga, akakuta mahali nyani walipofukua, na chini yake maji. Akanywa akamshukuru Mungu.

Nimelitafakari tukio hilo la nyani mara nyingi. Mungu angeweza kutuma malaika kama alivyomtumia Eliya mkate chini ya mretemu. Siku ile alituma nyani wenye kiu yao wenyewe, ambao hawakujua kuna mtu anawasikiliza. Na bado safari haikuisha kwa furaha. Ndugu za Kivoi walimlaumu Krapf kwa kifo cha mzee wao, kwamba alikuwa naye na hakufa naye, na maisha yake yakawa hatarini tena hata ikambidi atoroke usiku. Alirudi Rabai akiwa hai, mikono mitupu. Kituo cha Ukambani hakikusimama. Ilikuwa mwaka 1895, miaka 44 baadaye, ndipo Africa Inland Mission walipoanza kazi yao Nzaui, kulekule Ukambani, na Krapf alikuwa amekwisha kufa.

Mwaka 1853 mwili ulikataa. Alirudi Ujerumani akakaa Korntal, mji mdogo wa wacha Mungu. Alioa tena. Mwaka 1862 alikuja mara moja zaidi kuwasaidia Wamethodisti akina Thomas Wakefield kuanza kazi Ribe, afya ikamrudisha. Mwaka 1867 akaenda na jeshi la Waingereza Ethiopia kama mkalimani, akarudi mgonjwa. Rebmann alibaki Rabai miaka 29 bila kuondoka, mpaka akawa kipofu; alirudi mwaka 1875 akiongozwa kwa mkono, akafika Korntal kwa Krapf, na mwaka uliofuata akafa. Mara nyingine huwawazia wazee hao wawili wakiwa wameketi pamoja, mmoja haoni, mmoja mwili umechoka, wakizungumza habari za Rabai. Kufikia hapo habari zilikuwa zimebadilika, maana mwaka huo wa 1875 CMS walikuwa wanaanzisha Freretown, kijiji cha watumwa waliokombolewa, na kanisa lilikuwa linajaa. Freretown iko upande uleule wa bara alikozikwa Rosine.

Korntal yote ile miaka Krapf hakuacha maneno ya Kiswahili. Aliyaandika, akayapanga, akayaeleza, neno moja baada ya lingine, yale aliyoyakusanya tangu meza ya Mombasa. Biblia tunayoisoma ibadani leo, ile ya mwaka 1952, ilitoka kwa mikono mingine mingi, lakini waliotangulia kutafsiri walikuwa na kazi yake mbele yao.

Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Alikuwa amefia kwenye maombi. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882.

Nimemaliza habari za Krapf. Nina tangazo moja linaloambatana nazo. Wale mliofiwa na mtoto, iwe ni mwaka huu au miaka 20 iliyopita, iwe alizaliwa akaishi au mimba ilitoka na hakuna mtu aliyewapa pole, tutaketi pamoja Jumatano saa 11 jioni katika chumba cha nyuma ya kanisa. Akina baba pia, msijifiche. Hakutakuwa na mahubiri wala unabii, na hakuna atakayekuuliza ulifanya nini. Ukitaka kumtaja mtoto wako kwa jina, utamtaja. Idara ya akina mama wamesema wataleta chai.